Spoki "kuchoka" si kuchakaa

Spoki ya baiskeli ikikatika, utasikia papo hapo: "Ilishachoka hiyo, ona kutu." Au: "Umepakia mno." Uchovu wa metali si hilo la kwanza wala la pili. Ni ufa unaokua kidogo kidogo kwa sababu chuma kinakazwa na kulegezwa mara nyingi, kila mara kwa nguvu ndogo kuliko ile ya kukikata kwa mpigo mmoja. Basi.

Tatizo ni kitenzi. Kuchakaa kunaonekana kwa macho: kutu, mikwaruzo, kulika. Kuchoka hakuonekani. Tena neno lenyewe linahadaa, maana mtu aliyechoka akilala huamka na nguvu zake, lakini ufa wa spoki hauponi hata baiskeli ikiegemezwa ukutani mwaka mzima. Mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, alilipima jambo hili kwenye ekseli za mabehewa katikati ya karne ya 19. Aliona kwamba pamoja na ukubwa wa mzigo, ni lazima uhesabu umerudiwa mara ngapi.

Kwenye baiskeli hesabu hiyo hupanda haraka. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1 huzunguka karibu mara 476 kwa kilomita, na katika kila mzunguko spoki inayopita chini hupungua mkazo, kisha hukazika tena. Kilomita 1,000 ni karibu nusu milioni. Spoki iliyolegea hupoteza mkazo wote ikifika chini, ikacheza pale kwenye kiwiko, inapopinda kuingia tundu la habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kwa hiyo anayelegeza spoki "zipumzike" anaziua.

Itazame iliyokatika. Upande mmoja wa mkato ni laini na umefifia rangi: hapo ufa ulitembea kwa muda mrefu. Uliobaki una chengachenga na unang'aa, ndio uliokatika leo. Mzigo wa leo umekuta kazi karibu imekwisha.

Ukinunua mpya, usikimbilie unene tu. Yenye milimita 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati hudumu kuliko ya 2.0 mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa tumbo jembamba hunyumbuka na kukipunguzia kiwiko kazi. Kwa mizigo mizito, tafuta yenye 2.3 kiwikoni. Ukishazifunga, bana kwa mkono spoki mbili mbili zinazokwenda sambamba, gurudumu zima, zikae vizuri kwenye matundu. Kisha kaza na unyooshe ringi upya.

Chuma kisichoshika kutu ni kinga ya kuchakaa, ingawa kweli kishimo cha kutu huweza kuanzisha ufa. Ila spoki yenye kutu inayoshikilia bado, iite imechakaa. Ile inayong'aa kama mpya na imekatika kiwikoni, hiyo ndiyo iliyochoka.