Kutotaja kabila si ushahidi wa kununuliwa

Kila uchaguzi unapokaribia Kenya, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu: vyombo vya habari vinaficha kabila la waliovamia, vimenunuliwa, sambaza kabla haijafutwa.

Kutotaja kabila si kuficha. Kanuni za maadili ya uandishi wa habari nchini humo zinataka habari za mzozo wa kikabila au kidini zithibitishwe kwanza, kisha ziandikwe kwa tahadhari ili zisivuruge amani. Ziko mtandaoni, zisome mwenyewe. Habari inaweza kutaja mahali, saa na majeruhi bila kumtwisha jirani kosa asilolifanya.

Shaka ya watu ina mizizi: baada ya uchaguzi wa 2007, baadhi ya redio za lugha za mama zililaumiwa kwa uchochezi. Tena mwandishi angali anapiga simu kuthibitisha, video imeshakufikia. Isimamishe, utazame namba za magari: ya kawaida ya Kenya huanza na K, ya Tanzania na T. Piga picha ya skrini uitafute mtandaoni. Huenda ni tukio la zamani, la nchi nyingine kabisa.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.