Unataka kuwa nguva? Achana kwanza na haya unayoyasikia

Ile klipu ya kina dada wenye mikia ya samaki wakicheza chini ya maji ikipita kwenye magrupu ya WhatsApp, hakosi mtu wa kusema hiyo ni kompyuta tu, na mwingine eti hao wana mapafu ya ajabu. Hapana kwa yote mawili jamani. Pale ni Weeki Wachee, jimbo la Florida, Marekani, na shoo ipo tangu 1947. Mwanzilishi ni Newton Perry, aliyewahi kuwafunza kuogelea wanajeshi wa majini. Siku zile gari zilikuwa chache, wasichana wakisikia moja inakuja wanakimbilia barabarani na nguo za kuogelea kumwita dereva aingie atazame.

"Wanabana pumzi shoo nzima." Wanabana ndio, ila kwa vipande. Kuna mipira ya hewa inayotoka kwenye kompresa, anavuta kidogo, anauachia, anaendelea na mbwembwe zake, halafu anaurudia. Kazi kubwa ni kujua uvute kiasi gani, maana ukijaza kifua unapanda, ukitoa hewa unashuka, kwahiyo ukitaka kubaki palepale katikati huku unacheza mapafu ndio breki na gia yako, na hapo unatakiwa utabasamu.

"Ni tenki la vioo." Kumbe waliofungiwa kwenye boksi ni watazamaji! Ukumbi umejengwa chini ya usawa wa maji, mnachungulia kwa vioo chemchemi ya kweli, isiyo na chumvi, samaki na kasa wanajipitia, mara mojamoja na manatii, ndugu wa wale nguva wanyama wa Rufiji. Maji ni kama nyuzi 23 mwaka mzima. Unaweza kuona sio baridi, sasa kaa humo nusu saa uone, na kutetemeka hairuhusiwi. Miwani hamna pia, kwahiyo yule anayekupungia mkono kwa mapenzi yote anaona ukungu tu, hata hajui we ni nani.

"Mkia unasaidia kuogelea, mnunulie tu mtoto." Hii ndio inanikera. Mkia unafunga miguu yote pamoja! Mtoto ambaye bado hajaiva kuogelea akipinduka hana mguu wa kujisukuma wala wa kusimamia, na ndio maana swimming pool nyingi huko Ulaya na Marekani zimeipiga marufuku. Ile ya silikoni inaweza kupita kilo 15 ukiwa nchi kavu, kutembea nayo sahau, unabebwa au unajiburuza. Na nguvu haitoki magotini kama wengi wanavyojaribu, inatoka tumboni na kiunoni. PADI, hawa wa vyeti vya uzamiaji, wana kozi ya nguva tangu 2020, na huko huingii majini peke yako, lazima uwe na mwenzako wa kukuangalia.

"Mi nshazeeka, hiyo ilikuwa ndoto ya utotoni." Nani kakwambia? Hapohapo Weeki Wachee kuna wale waliokuwa nguva ujanani wakarudi majini wakiwa na miaka sitini na kitu, wengine sabini, wakafanya shoo na watu wakalipa kuwaona. Hao wakongwe wakawa wanafundisha kambi ya wikiendi kwa watu wazima, na sharti lilikuwa uwe umetimiza miaka 30, yaani vijana ndio waliozuiwa mlangoni. Wanaume nao wapo kwenye shoo, wakicheza kina mwanamfalme.

Kama uko Dar au Mombasa na bado inakuwasha, mkia weka pembeni kwanza. Jifunze kuogelea vizuri, halafu bana miguu pamoja bila kufunga chochote, piga lile wimbi la pomboo kuanzia kifuani, urefu wa pool kwenda na kurudi.