Dirisha wazi haliwaokoi: dhana potofu zinazoua baada ya kimbunga

"Lakini daktari, dirisha tuliliacha wazi." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno kwenye chumba cha dharura, na anayeyasema huwa ni yule aliyenusurika, akijaribu kuelewa kwa nini wenzake hawakuamka. Kimbunga chenyewe walikivuka. Paa lilibaki, maji yakapungua, kila mtu akahesabiwa mzima. Kisha usiku wa pili au wa tatu wakawasha jenereta gereji, barazani, au chini ya dirisha la chumba walicholala.

Wengi huamini kwamba upepo ukitulia, hatari nayo imeondoka. Kimbunga Maria kilipopiga Puerto Rico Septemba 2017, idadi rasmi ya vifo ilibaki 64 kwa miezi mingi. Mwaka uliofuata, baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington, serikali ya kisiwa iliipandisha hadi 2,975. Watafiti walikuwa wamepima vifo vilivyozidi kiwango cha kawaida hadi Februari 2018, miezi ambayo maelfu ya nyumba hazikuwa na umeme na huduma za afya zilikuwa zimeyumba. Agosti 2020, kabla Kimbunga Laura hakijaingia Louisiana, watabiri walionya kwamba maji ya bahari yatapanda kiasi ambacho mtu hanusuriki. Watu wakayakimbia maji. Hatimaye gesi ya jenereta iliua watu wengi katika jimbo hilo kuliko maji hayo.

Kwa hiyo nitaanza na jenereta, na nitakaa hapo muda mrefu.

Dhana: "Jenereta ndani ni salama mradi hewa inapita"

Si kweli. Si gereji yenye lango wazi, si baraza, si ghala la nyuma, si chini ya ngazi, si chumba chenye feni. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Uzito wake unakaribiana sana na wa hewa, kwa hiyo haipandi ikatokea juu ya dirisha wala haitui sakafuni. Inachanganyika na kuenea chumba hadi chumba. Tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji inaeleza kwamba jenereta moja ya kubebeka inaweza kutoa kaboni monoksaidi sawa na mamia ya magari. Ukilifikiria hilo, utaona dirisha moja lina kazi isiyowezekana. Mara nyingi dirisha ndilo mlango wa gesi: jenereta iko nje ukutani, upepo unausukuma moshi, na nyumba inauvuta ndani.

Ikishaingia mapafuni, kaboni monoksaidi hushika himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka, lakini imebeba mzigo usiofaa. Ubongo na moyo ndivyo vinavyoumia kwanza. Mjamzito yuko hatarini zaidi kwa sababu gesi hii hukaa kwa mtoto tumboni muda mrefu kuliko kwa mama, na mama anaweza kujihisi nafuu wakati mtoto bado anaumia.

Kuna wanaoniambia wangesikia harufu. Unachonusa kwenye moshi ni mafuta yasiyoungua vizuri na kemikali nyingine. Kaboni monoksaidi hunusi hata kidogo, na moshi unaweza kupoteza harufu njiani ilhali gesi inaendelea kujaa.

Wengine wanasema wangejisikia vibaya, wangetoka. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Baada ya kimbunga, nani hana hayo? Watu hawajalala, hawajala vizuri, wamebeba magogo juani mchana kutwa. Wanameza dawa ya maumivu na kujilaza, na usingizi ndio unaowamaliza. Nawaomba mshike alama hizi: zaidi ya mtu mmoja anaumwa kichwa kwa wakati mmoja, mnapata nafuu mkitoka nje na kuumwa tena mkirudi, paka au mbwa naye amelegea. Mkiona hata moja, tokeni wote, muwahesabu watu mkiwa nje, kisha muombe msaada. Msirudi ndani kuzima jenereta. Msirudi kuchukua simu.

Dhana inayonikera kuliko zote ni ya kipima oksijeni cha kidoleni. Siku hizi kipo majumbani, na watu hukiamini. Mgonjwa amechanganyikiwa, kipima kinaonyesha 98, ndugu wanasema oksijeni iko sawa, mwacheni apumzike. Kifaa hicho hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyotekwa na kaboni monoksaidi. Vyote viwili kinavihesabu kama oksijeni. Namba nzuri hapo haina maana yoyote. Kipimo cha damu cha hospitali ndicho kinachosema ukweli, na tiba ni oksijeni tupu kwa barakoa, mapema iwezekanavyo. Ukipumua hewa ya kawaida, kiwango cha gesi hii mwilini huchukua kama saa 4 hadi 5 kupungua kwa nusu. Kwa oksijeni tupu huchukua kama saa 1 hadi saa 1 na nusu. Ndiyo maana "ameshatoka nje, atapoa mwenyewe" si ushauri wa kumpa mtu aliyepoteza fahamu, mwenye maumivu ya kifua, au mjamzito. Na wapo wanaoonekana wamepona, kisha siku au wiki kadhaa baadaye wanaanza kusahau, kubadilika tabia, kushindwa kutembea vizuri. Hospitali iambiwe kwamba kulikuwa na jenereta, hata kama hamkuulizwa.

Najua kwa nini watu huisogeza karibu. Waya ni mfupi, mvua bado inanyesha, na wezi wapo. Sababu zote tatu ni za kweli, na zote zina majibu. Ushauri ninaourudia hadi watu wanachoka ni huu: nunua waya mrefu na mnene wa kutumika nje kabla hujanunua jenereta, na kifaa cha kugundua kaboni monoksaidi kinachotumia betri kabla ya vyote viwili. Jenereta ikae angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, mbali na milango, madirisha na matundu ya hewa, bomba la moshi likielekea kwingine, na ukumbuke kuangalia madirisha ya jirani pia. Mvua inazuiwa kwa kibanda kidogo kilicho wazi pande zote, huko huko mbali. Wizi unazuiwa kwa mnyororo. Kama waya haufiki mita 6, jenereta haiwashwi usiku huo, hata kama chakula cha kwenye friji kitaharibika. Mafuta yaongezwe ikiwa imezimwa na imepoa, maana petroli ikimwagikia injini ya moto inalipuka moto.

Na msichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Umeme huo unatoka hadi kwenye nyaya za mtaani, na ukipita kinyume kwenye transfoma unapandishwa hadi maelfu ya volti. Fundi aliye juu ya nguzo akiamini laini imekufa ndiye anayeupokea. Anayetaka kulisha nyumba nzima afungiwe swichi ya kubadilisha umeme na fundi mwenye sifa.

Yote niliyosema kuhusu gesi yanahusu pia jiko la mkaa. Mkaa ulioshika vizuri, usio na moshi, ndio unaodanganya watu zaidi, kwa sababu unaonekana msafi. Hauingii ndani ya nyumba kupikia wala kuotea moto.

Dhana: "Maji ni ya magotini tu, gari litapita"

Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kuyafanya magari mengi madogo yaelee, na 60 huyabeba hata makubwa. Kibaya zaidi ni kwamba hujui kama barabara bado ipo chini ya hayo maji. Geuza.

Dhana: "Waya uliolala kimya hauna umeme"

Waya wenye umeme si lazima utoe cheche wala mlio. Umeme unaweza kukatika asubuhi na kurudishwa mchana bila taarifa, au ukatoka kwenye jenereta ya mtu kama nilivyoeleza. Kaa angalau mita 10, usiguse uzio wala dimbwi linalogusana na waya huo, na ukiukuta umeangukia gari lenye watu waambie wabaki ndani hadi mafundi wafike, isipokuwa gari linaungua.

Dhana: "Maji yakichemka yamekuwa salama, yawe yametoka wapi"

Kuchemsha kunaua vijidudu. Yaache yatokote kwa dakika 1 kamili, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Lakini maji ya mafuriko yamepita kwenye vituo vya mafuta, mashamba yaliyopuliziwa dawa na maghala, na kuchemsha hakuondoi petroli wala sumu ya wadudu. Maji yenye harufu ya mafuta au kemikali usiyanywe kwa namna yoyote.

Kama hakuna moto, tumia dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6: matone 2 kwa lita ya maji maangavu, koroga, subiri dakika 30. Maji yenye ukungu yachuje kwa kitambaa kwanza, kisha tia matone 4.

Dhana: "Onja kwanza, ukisikia ni kizuri kula"

Bakteria wanaoleta sumu ya chakula hawabadilishi ladha. Angalia saa, usitumie ulimi. Friji iliyofungwa huhifadhi chakula kama saa 4 baada ya umeme kukatika. Friza iliyojaa kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Kila unapoifungua kuchungulia, unapunguza muda huo. Nyama, maziwa, samaki na mabaki ya chakula vikipita hapo vitupwe. Chochote kilichoguswa na maji ya mafuriko kitupwe pia, isipokuwa makopo yasiyotoboka wala kubonyea, yaliyooshwa na kutiwa dawa.

Dhana: "Miili ya waliokufa ndiyo inayoleta kipindupindu"

Imani hii imewafanya watu wazikwe haraka katika makaburi ya pamoja bila kutambuliwa, na jamaa zao wakaishi miaka bila kujua walipolala. Shirika la Afya Duniani limelieleza jambo hili kwa miaka mingi: miili ya watu waliokufa kwa majeraha au kuzama haisababishi mlipuko wa magonjwa. Waliokufa kwa kipindupindu chenyewe au Ebola ni suala jingine. Anayeushika mwili avae glavu, anawe mikono, na mwili usiachwe kwenye chanzo cha maji ya kunywa. Baada ya hapo kuna muda wa kupiga picha, kuandika maelezo na kuwasubiri ndugu.

Kipindupindu huletwa na kinyesi cha walio hai kinachoingia kwenye maji. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, kipindupindu kilitangazwa ndani ya wiki mbili na wagonjwa wakapita 6,000. Kilichokizuia ni maji safi, vituo vya matibabu na chanjo ya kunywa iliyotolewa kwa mamia ya maelfu ya watu.

Dhana: "Mwagia klorini, kuvu itaisha"

Nyumba isipokaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, kuvu inaota, na klorini juu ya ukuta laini au godoro inaondoa rangi tu huku mizizi ikibaki ndani. Godoro, zulia na dari ya mbao laini vilivyolowa vinatolewa nje. Sakafu ngumu inasuguliwa kwa sabuni na maji kwanza. Na tafadhali, klorini isichanganywe na dawa yenye amonia wala tindikali ya kuoshea choo. Gesi inayotoka humo inachoma mapafu, na kila baada ya kimbunga huwa tunapokea mtu aliyefikiri mchanganyiko ungesafisha vizuri zaidi.

Dhana: "Pepopunda inatokana na kutu, na mimi nimekatwa na mti"

Bakteria wa pepopunda wanaishi kwenye udongo na mavi ya wanyama. Msumari wenye kutu, kijiti, kipande cha bati, vyote vinaweza kuwapitisha. Kila jeraha lioshwe mara moja kwa maji safi mengi na sabuni, na kwa jeraha chafu unahitaji sindano kama imepita miaka 5 tangu uchomwe ya mwisho.

Ila wakati wa kusafisha mabaki si pepopunda pekee ninayoihofia. Mkojo wa panya kwenye maji ya mafuriko huleta homa ya mgunda, ambayo hupenya hata kwenye mikwaruzo midogo ya miguu. Maji ya bahari yenye joto yaliyochanganyika na ya mto yana bakteria wa jamii ya Vibrio. Baada ya Kimbunga Ian, Septemba 2022, Florida ilipata ongezeko la watu walioambukizwa bakteria hao, na baadhi walifariki. Mwenye ugonjwa wa ini au kisukari asikanyage maji hayo akiwa na kidonda. Wengine wote wavae buti na glavu. Wekundu unaosambaa kwa saa chache, malengelenge meusi, maumivu yasiyolingana na ukubwa wa jeraha, au homa na misuli ya miguu kuuma siku kadhaa baada ya kuingia majini: nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mwambie anayekupokea kwamba ulikanyaga maji ya mafuriko.