Mashine ya Kuhesabu Seli Haiokoi Sampuli Iliyochelewa

Malalamiko tunayopokea siku hizi hapa maabara kutoka kwa ndugu wa wagonjwa ni mawili: maabara imekataa maji ya mgongo ya mgonjwa wao, na tuna mashine ya kisasa lakini mtaalamu bado anainamia hadubini.

Tuanze na mashine. Kazi yake ya kwanza ni damu, ambayo mikrolita moja tu (sehemu moja ya milioni ya lita) ina seli nyeupe maelfu. Maji ya uti wa mgongo ya mtu mzima mwenye afya hayazidi seli 5 kwa kipimo hichohicho. Seli chache zilizobaki za mgonjwa aliyetangulia, ambazo kwenye damu si kitu, hapa zinaweza kubadili matibabu. Ndiyo maana tunaisafisha kwanza na kuiweka kwenye programu ya maji ya mwili. Hesabu ikiwa ndogo mno, au mashine ikitoa tahadhari, tunarudia kwa mkono kwenye chemba ya Neubauer, kioo chenye miraba ya kuhesabia seli kwa hadubini. Fangasi wa Cryptococcus, wanaowashambulia zaidi watu wenye VVU, mashine huweza kuwahesabu kama seli za damu. Kwenye hadubini wanaonekana walivyo.

Kuhusu kukataliwa: seli hizi huvunjika haraka. Kwenye joto la kawaida, karibu nusu ya neutrofili, aina mojawapo ya seli nyeupe, zinaweza kupotea ndani ya saa mbili. Kwa hiyo sampuli ifike ndani ya saa moja, ikiwa na jina kamili, namba ya faili, aina ya maji na saa yalipochukuliwa, vyote vikilingana na fomu. Vikipishana, maji ya mgongo hatuyamwagi. Tunapiga simu wodini, tunaandika kwenye rejesta, na aliyeyachukua anakuja mwenyewe kuthibitisha kwa saini. Maji ya tumboni yaliyoganda, hayo hayahesabiki. Seli zimenaswa kwenye bonge, itaombwa sampuli nyingine. Ndugu ukikabidhiwa chupa, nenda moja kwa moja dirisha la kupokelea sampuli.

Na hili tumelisema mara nyingi mno: kutoa maji ya mgongo hakumpoozeshi mgonjwa. Uti wa mgongo wa mtu mzima huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingia chini ya hapo. Kuumwa kichwa baadaye hutokea, na daktari huangalia kwanza kama kipimo ni salama kwa mgonjwa huyo. Mwenye wasiwasi amuulize daktari kabla ya kusaini, ila amuulize siku hiyohiyo, maana homa ya uti wa mgongo inaweza kuua ndani ya saa 24.