Programu haina gemu, wakuu

Swali ni lile lile, safari hii limekuja na picha ya kasha zuri la mashine ya gemu, la mninga, stiki zimeshafungwa, vitufe vimeshapigwa matundu: "Mkuu, niweke RetroPie au Batocera? Ipi ina gemu nyingi?"

Hizo ni programu za kuendeshea gemu za zamani, na hakuna yenye gemu nyingi. Batocera inakuja na vigemu vichache vya bure, RetroPie karibu tupu kabisa. Ukiikuta Kariakoo memori kadi ya GB 128 imebandikwa "gemu 10,000", ujue kuna mtu kazikusanya akazijaza humo (hakimiliki tuiache leo), na toleo la romu (faili za gemu) alizojaza huwa hata yeye halijui.

RetroPie, Batocera, Recalbox na Lakka ni vifungashio. Ndani mna emyuleta (programu zinazoiga mashine za zamani) zile zile, nyingi zikiendeshwa na RetroArch ile ile. Unachagua kwa kuangalia bodi uliyonayo, basi. Una desktop ya ofisini ya mtumba? Batocera: ichome kwenye fleshi ya GB 16 au zaidi, zima Secure Boot, washia hapo. Windows iliyo kwenye diski haiguswi. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja? Pi 3 au Pi 4, RetroPie bado inafaa, ingawa imeji yake (faili unalochoma kwenye kadi) ya toleo la 4.8 ni ya 2022. Pi 5, nenda Batocera. Mjadala wa saa nzima umeisha.

Sasa tuje kwenye kinachonikera. Mtu anaweka gemu, anaibonyeza, skrini inakuwa nyeusi sekunde mbili, inarudi kwenye menyu. Anasema programu mbovu, anafuta kadi yote, anaweka programu nyingine, na faili zile zile za zip zenye gemu. Matokeo yale yale.

Zip ya gemu za mashine (arcade) si gemu moja iliyobanwa. Ni nakala za chipu zilizokuwa kwenye bodi ya mashine, kila chipu faili lake, na MAME, emyuleta ya mashine hizo, inazikagua moja moja. Kwa hiyo usiifungue zip, na usiibadilishe jina ili ipendeze. Chipu ikisomwa upya vizuri zaidi, toleo jipya la MAME linadai nakala hiyo mpya. MAME 2003 inataka romu za toleo la 0.78 la MAME. MAME 2010 inataka za 0.139. FBNeo, emyuleta nyingine, inafuata orodha yake yenyewe, iliyo karibu na MAME ya sasa. Kuzichanganya ni kununua spea ya Noah ukafunge kwenye IST: zote Toyota, ila haiingii. Kinachowachanganya watu ni kwamba baadhi zitafunguka tu, kwa sababu chipu zake hazijaguswa miaka yote hiyo.

Halafu kuna mzazi na mtoto, yaani toleo kuu la gemu na toleo lililotokana nalo. Kwenye mkusanyo wa aina ya split, pacman.zip ina chipu zinazotofautiana tu. Zilizobaki ziko kwenye puckman.zip, ile ya Kijapani ya 1980. Ukimfuta mzazi kwa sababu "jina silijui", mtoto hafunguki. Metal Slug nayo, mslug.zip, haiendi bila neogeo.zip kando yake. Hiyo si gemu, ni BIOS, programu ya msingi ya mashine ya Neo Geo, usijaribu kuicheza.

Kabla hujafuta chochote, soma logi, faili linaloandika kilichotokea. Kwenye RetroPie ni /dev/shm/runcommand.log, na iko kwenye RAM, kwa hiyo isome kabla hujazima. Ikikuandikia NOT FOUND, faili halipo: tafuta mzazi au BIOS. Ikilalamikia checksum (namba ya kuhakiki yaliyomo kwenye faili), toleo si lenyewe. Dawa ni RomVault au ClrMamePro, programu za kukagua romu, pamoja na faili la DAT (orodha ya romu) la toleo lako, si kuhamia programu nyingine.

Mimi kwa Pi 3 naweka FBNeo kwa gemu za Capcom na Neo Geo, na MAME 2003-Plus kwa zilizobaki. MAME ya sasa ni sahihi zaidi, kweli, lakini Pi 3 inahema. Kuhusu run-ahead, mbinu ya RetroArch ya kupunguza ucheleweshaji wa vitufe, ukiiweka fremu moja inaokoa milisekunde 16.7, na sina uhakika kama mchezaji wa kawaida anaisikia. Ucheleweshaji wa TV isiyowekwa Game Mode anausikia.

Alama ya radi kwenye skrini maana yake umeme hautoshi: umechomeka chaja ya simu. Pi 4 inataka volti 5.1, ampea 3.

Mwisho, umeme. Ukikatika kadi ikiwa inaandikwa, faili zinaharibika. Ndani ya raspi-config, menyu ya mipangilio ya Pi, kuna Overlay File System, inayozuia kadi isiandikwe kabisa. Gharama yake ni rekodi za alama: kila ukizima zinafutika. Na ukitaka kuongeza gemu, zima kwanza hiyo Overlay, washa Pi upya, ongeza, ndipo uirudishe. Ukiongeza ikiwa bado imewashwa, kesho gemu hazipo, na najua utakachosema kuhusu programu.