Pombe Haina Mkono

Wiki hii kauli kwamba anayempiga mke ni pombe, si mume, nimeisikia mara nne. Mara ya nne ilitoka kwa mwenyekiti wa mtaa, mtu mzima na akili zake: "Yule bwana hana tatizo, tatizo ni pombe." Kabla yake alikuwa ameisema mama mwenyewe, shavu limevimba, mtandio ameuvuta mpaka karibu na macho: "Dada, akiwa hajanywa hata sauti yake huisikii." Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi huku Kilimanjaro, na kama kuna maneno ningeyasugua kwa dodoki yatoke vichwani mwa watu, ni hayo.

Anayetaka ukweli aende akakae kilabuni. Mwanamume yuko kwenye benchi tangu saa kumi jioni, kata ya mbege, pombe ya ndizi, inazunguka. Mtu anamkanyaga, anasema haina neno. Mama mwenye kilabu anamtangazia mbele za watu kuwa daftari la mkopo limejaa, hapati nyingine mpaka alipe. Ananung'unika, anatulia. Jamaa aliyemzidi kifua anamtania kuhusu mkewe, anacheka naye. Saa tatu usiku anafika kwake, anakuta chakula kimepoa, na hapo ndipo "pombe inamzidi". Pombe hiyohiyo dakika ishirini zilizopita ilimjua wa kumheshimu. Halafu wengi wanaokuja kwangu wana alama mgongoni na mapajani, panapofunikwa na nguo. Mtu asiyejitambua hachagui pa kupiga.

Sisemi kilevi hakina mchango. Kinabana fikra, mlevi anashika jambo moja tu lililo mbele yake: anasikia "umetoka wapi?", hamwoni mtoto aliyesimama mlangoni. Tafiti zetu za kitaifa za afya zinaonyesha kuwa wake wa wanaume wanaolewa mara kwa mara wanapata ukatili mwingi kuliko wake wa wasiokunywa. Lakini tafiti hizohizo zinawakuta wanaopigwa na wanaume wasiogusa hata tone, na si wachache. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005 ulikuta asilimia 41 ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza Dar es Salaam, na asilimia 56 kule Mbeya, wamewahi kufanyiwa na mwenza ukatili wa kipigo au wa kingono. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16, asilimia 58 ya wanawake wa Tanzania waliohojiwa walikubali kuwa mume ana haki ya kumpiga mke kwa angalau sababu moja, kuunguza chakula ikiwa mojawapo. Waliojibu hivyo hawakuwa wamelewa, na hapo ndipo mkono unapopata ruhusa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba tukishailaumu chupa, hatuulizi tena habari za mahali inaponywewa. Mimi huuliza: anakunywa wapi, na akina nani, kwa hela ipi, anaondoka saa ngapi? Kilabuni hakunywewi tu, kunafundishwa. Anayenyanyuka mapema anaulizwa kama amelishwa limbwata. Mke akimtuma mtoto amwite baba, benchi zima linacheka, na kicheko kile baba anaenda nacho nyumbani kumlipisha mama. Akinunuliwa raundi lazima naye anunue, hata kama hela ya mfukoni ni ya daftari na viatu vya shule. Usiku watu wanasikia makelele wanasema ni pombe. Ni ugomvi wa hela na wa heshima, umeanzia kwenye benchi.

Na sheria zetu hazimtambui huyu "pombe". Kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu kinasema ulevi si utetezi, isipokuwa katika mazingira machache sana, mfano mtu aliyeleweshwa na mwingine kwa hila bila ridhaa yake. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Mwenyekiti wa mtaa anayesuluhisha kwa "mwache alale, kesho akili itamrudia" aelewe kuwa anachozungumzia ni kosa la jinai. Dawati la Jinsia la polisi lipo, na PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa hospitali, haiulizi aliyempiga alikunywa chupa ngapi.

"Basi anywee nyumbani, angalau ninamwona." Hili nalo nalisikia kwa wake wenyewe. Utafiti wa Melbourne, Australia, wa miaka ya 1996 hadi 2005 ulikuta ukatili wa nyumbani ulioripotiwa polisi ukiongezeka zaidi sambamba na maduka ya pombe ya kubeba kuliko sambamba na baa. Ukimhamishia kreti sebuleni, umeondoa macho ya watu.

"Baa zifungwe mapema, yataisha." Diadema, mji ulio karibu na São Paulo nchini Brazil, mwaka 2002 uliagiza baa zisiuze pombe baada ya saa tano usiku. Watafiti walikadiria kuwa mauaji yalipungua karibu tisa kwa mwezi. Mashambulizi dhidi ya wanawake nayo yalishuka, ila ilipohesabiwa mielekeo iliyokuwepo tangu mwanzo, haikuweza kuthibitika kuwa ni saa ya kufunga iliyoyashusha. Fungeni, naunga mkono, lakini msiniambie kazi ya kukomesha kipigo ndani ya nyumba imekwisha.

"Mke naye anakunywa." Wengi wa wake wanywaji wanaokuja kwangu walianza kunywa baada ya kuanza kupigwa. Sina la kuongeza hapo.

Lililobaki ni lile la "akiacha pombe, kipigo kitakoma". Mama mmoja aliliamini sana, na mimi sikubishana naye. Nilimwomba tu aweke alama ndogo ya kalamu kwenye kalenda ya kanisa iliyotundikwa jikoni, asiandike neno: alama ya aina moja kwa usiku mume aliotoka kilabuni, ya aina nyingine kwa siku aliyompiga. Alirudi baada ya mwezi, kalenda ameikunja ndani ya kanga. Vipigo vilikuwa vitatu. Viwili vilifuata kilabu kimoja, cha njia panda, siku za soko. Cha tatu kilikuwa Jumapili mchana, wametoka ibadani, mume hajaonja kitu. Aliitazama ile alama ya Jumapili muda mrefu, kisha akaniuliza Dawati linafunguliwa saa ngapi.