Hiyo 50-50 ya klemu ya gari inamaanisha nini, na unaipinga aje

Mmegongana, hakuna mtu ameumia, abstrakti (ile karatasi ya polisi ya ajali) mmechukua, klemu mmepeleka, alafu baada ya wiki kadhaa unapigiwa simu na mtu wa bima anakwambia wameangalia mambo yenu na wameona lawama igawanywe nusu kwa nusu. Watu wengi hapa Nairobi wakifika hapo wanachoka, wanakubali, juu inasikika kama uamuzi ushatolewa. Haujatolewa. Hiyo asilimia ni msimamo wa mtu ameketi ofisini na karatasi chache mbele yake, na kwa hizo karatasi hakuona kitu cha kumwambia nani alikosea zaidi, basi akaweka katikati. Anayeweza kukulazimisha na asilimia bila wewe kukubali ni korti, na hata korti inataka ushahidi. Kabla ya hapo ni mazungumzo, na mazungumzo husonga.

Sasa lawama ya kugawana yenyewe ni nini. Zamani, kwa sheria tuliyoichukua kutoka Uingereza, ukionekana umechangia ajali hata kidogo ulikuwa unaweza kukosa kila kitu. Hiyo ilibadilishwa, na hapa Kenya iko kwa Law Reform Act, Sura ya 26, kifungu cha 4: kama hasara yako imetokana kiasi na kosa lako na kiasi na kosa la mwingine, dai lako haliangushwi, linapunguzwa tu kulingana na sehemu yako ya lawama vile korti itaona ni haki. Hapo kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Kwanza, je, kile ulifanya ama hukufanya kilichangia hii ajali kutokea? Pili, kama kilichangia, ni kwa kiasi gani ukilinganisha na mwenzako? Mtu anaweza kuwa alikosea kitu na hicho kitu hakikuchangia chochote. Kuendesha na leseni imeisha ni kosa la trafiki na linaweza kukuletea shida na bima yako mwenyewe, lakini peke yake halisemi nani aliingia kwa leni ya nani.

Tuweke pesa ndio ionekane vizuri. Gari yako inahitaji 240,000 kutengenezwa, ya mwenzako 180,000. Kwa 50-50 wewe unamdai 120,000 na yeye anakudai 90,000. Ukifanikiwa kuivuta ifike 80 kwake na 20 kwako, unamdai 192,000 na yeye anakudai 36,000. Yaani asilimia thelathini tu imekusogezea 72,000 upande mmoja na 54,000 upande mwingine, ajali ni ile ile, gari ni zile zile.

Lakini nani hasa anaumia inategemea bima yako. Kama uko na komprehensivu, kampuni yako inakutengenezea gari hata kama lawama ni yako, unalipa ekses (ile sehemu ya kwanza ya gharama unayotoa mwenyewe), kwa hivyo kwako hii vita ni ya kurudishiwa ekses na kulinda ile punguzo ya kukaa bila klemu wakati wa kurinyu. Kama uko na thadi pati peke yake, hakuna mtu wa kutengeneza gari yako isipokuwa yule aliyekugonga alipe, na kila asilimia wanayokuwekea inatoka kwa mfuko wako. Na mwenye thadi pati ndiye mara nyingi anaambiwa achukue 50-50 aende nyumbani, na mimi naona hiyo si haki kabisa, juu ndiye hana mtu mwingine wa kumtengenezea.

Hii 50-50 haikutoka hewani. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa hapa Nairobi ilikuwa na kesi ambapo kila upande unasema mwenzake ndiye alikosea na hakuna aliyeweza kuonyesha, wakasema basi madereva wote wawili wabebe lawama sawa. Tangu hapo hiyo kauli inarudiwa kortini mara nyingi, na mawakili wa bima wanaijua kama jina lao. Ukiisoma vizuri lakini inasema kitu kidogo kuliko vile inatumiwa: ni nusu kwa nusu *pale hakuna ushahidi wa kutenganisha hizo stori mbili*. Ni kusema hatujui. Ukileta kitu cha kuwafanya wajue, msingi wake unaondoka. Na pia Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kifungu cha 107, inasema anayedai jambo ndiye wa kulithibitisha, kwa hivyo mtu akisema wewe ulichangia ni juu yake kuonyesha ulichangia nini, haitoshi kusema "nyote mlikuwa barabarani".

Kitu gani hutenganisha stori? Chukua hii, inatokea kila siku Thika Road. Wewe uko kwa barabara kubwa, leni ya kushoto, mwingine anatoka service lane pale Roysambu anajisukuma aingie, mnagusana. Yeye anasema wewe ndio ulihama leni ukamlalia. Maneno dhidi ya maneno, 50-50. Lakini gari zinaongea. Kama wewe umeumia mlango wa mbele wa kushoto na yeye ameumia kona ya kulia ya bampa ya mbele, hiyo inaenda na mtu aliyekuwa anaingia na pua. Kama mkwaruzo kwa mlango wako umeanza mbele ukarudi nyuma, wewe ndiye ulikuwa unasonga mbele kwa kasi kumzidi. Na kama kuna picha moja tu, iliyopigwa kabla gari hazijasogezwa, inaonyesha tairi zake za nyuma bado ziko upande ule mwingine wa mstari na zako zimenyooka ndani ya leni, hapo stori yake imebaki na kazi ngumu sana. Ndio maana picha za karibu za bampa iliyovunjika, zile wengi hupiga, ni za asesa wa gharama. Za lawama ni za mbali: mistari ya barabara, gari zote mbili kwa fremu moja, tairi zimeangalia wapi, vioo vimeanguka wapi, alama za breki. Piga hizo kwanza, dakika moja, alafu msogeze gari.

Kwa raundabauti mambo ni magumu zaidi juu Nairobi taa inaweza kuwa nyekundu na askari anakupungia mkono upite. Kisheria lazima ufuate askari, lakini ukigongwa hapo na mwenzako alete picha ya taa nyekundu utaonekana wewe ndio muhalifu. Uliza jina la huyo askari ama namba yake ya kazi papo hapo, na uandike kwa stetimenti yako kwamba ulipitishwa na askari. Kama hakukuwa na askari wala taa, aliye ndani ya raundabauti akitokea kulia kwako ndiye ana haki ya kupita.

Na wa nyuma je? Kweli aliyegonga mwenzake kwa nyuma huanza vibaya, juu alipaswa kuacha nafasi ya kusimama. Lakini si lawama ya moja kwa moja. Matatu iliyosimama ghafla katikati ya leni kuchukua abiria mahali si steji, gari isiyo na taa za breki usiku, mtu aliyeanza kurudi rivasi kwa jam, hizo zote hubadilisha hesabu. Dashikamu hapa ndio inamaliza ubishi, na kama hauna, petroli stesheni ama duka lililo karibu huenda lina kamera, nenda siku hiyo hiyo ama kesho yake, hizo rekodi hujifuta zenyewe. Mtu wa boda aliyeona, mama wa kuuza matunda hapo kando, chukua namba ya simu kabla hawajatawanyika. Abiria wako anaweza kuwa shahidi pia, watasema ni mtu wako lakini bora yeye kuliko hakuna.

Abstrakti ya polisi inafaa kuelezwa juu watu wanaitegemea sana. Ripoti lazima upige, sheria ya trafiki inataka ajali iripotiwe, na bila namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, klemu haisongi. Lakini abstrakti inathibitisha kwamba ajali iliripotiwa, na gari gani na nani. Nyingi zinaandikwa tu PUI, uchunguzi bado, na korti zimesema mara nyingi kwamba hiyo karatasi peke yake haiamui lawama. Chenye uzito ni faili yenyewe: mchoro wa afisa aliyefika, stetimenti, na yeye mwenyewe kuja kueleza. Hakikisha stetimenti yako imeandikwa vile ulisema, isome kabla ya kusaini.

Kuna mtego mwingine hapo trafiki. Unaambiwa ukubali kosa la kuendesha bila uangalifu, faini ni kidogo, mambo yaishe. Kwa Sheria ya Ushahidi kifungu cha 47A, hukumu ya jinai ikishapita muda wa rufaa inakuwa ushahidi wa mwisho kwamba ulifanya hilo kosa, na utaikuta mbele yako kwa klemu. Korti zimekubali kwamba hata aliyehukumiwa bado anaweza kusema mwenzake alichangia, lakini umeanza ukiwa chini sana. Hivyo hivyo usiandike kikaratasi cha "ni makosa yangu" barabarani juu mwenzako amepiga kelele. Mikataba mingi ya bima inakukataza kukubali lawama bila ruhusa ya kampuni, na ukifanya hivyo umewapa sababu ya kukukatalia.

Sasa barua ya 50-50 imefika. Usijibu kwa simu, jibu kwa maandishi. Waambie haukubali huo mgawanyo, na uwaulize mambo mawili: mimi nilifanya kosa gani hasa, na mnategemea ushahidi gani? Mara nyingi jibu linakuja bila kosa lolote limetajwa, na hapo ushapata pa kushika. Kisha weka yako kwa mpangilio, picha zikiwa na saa, mchoro wa mahali, mashahidi na simu zao, na useme mgawanyo unaoona wewe ni haki. Kama kweli ulikuwa na kakosa kadogo, labda ulikuwa kasi kidogo, kudai 100 kwa sifuri kunaweza kukuharibia. Kusema 85 kwa 15 na sababu kunafanya mtu wa klemu akusikize. Kampuni yako mwenyewe iandikie pia mapema, juu ikishalipa ina haki ya kudai kwa niaba yako na inaweza kukubaliana na wale wengine juu kwa juu kwa sababu kwao ni rahisi.

Wakikataa kabisa, malalamiko kuhusu kampuni ya bima unapeleka kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, hawatozi kitu. Lakini kama shida ni kiasi cha lawama, njia yako halisi ni Mahakama ya Madai Madogo, inasikiza madai hadi shilingi milioni moja, hasara ya mali ikiwemo, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Unamshtaki dereva na mwenye gari, bima yao ndiyo itakuja nyuma yao. Hii njia ina nguvu hata kabla ya kuitumia, juu ofisi nyingi za klemu zikiona barua ya dai iliyoandikwa vizuri na inataja hiyo korti huangalia faili upya.

Muda wa kupeleka kesi ni miaka mitatu tangu siku ya ajali, na kuandikiana barua na bima hakuusimamishi. Na ukitumiwa vocha ya kusaini ndio ulipwe, soma ile mistari ya chini. Ikisema malipo haya ni kamili na ya mwisho, ukisaini umekubali asilimia yao. Waombe walipe ile sehemu hawabishani nayo na waandike kwamba iliyobaki bado iko wazi, na wakikataa kuandika hivyo, usisaini.